Zamu ya Dua

Mama Filimbi hakuwa mtu wa kukosea, muulize yeyote. Muulize yeye mwenyewe kwanza, maana ndiye atakayekujibu haraka. Miaka ishirini na tatu alikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya serikali ya wasichana, na miaka yote hiyo filimbi haikumtoka shingoni. Aliingia nayo darasani, alikaa nayo kwenye vikao vya walimu, na kuna siku aliipuliza sokoni watu walipomruka kwenye foleni, wakarudi nyuma wote, na muuzaji naye akarudi. Jina lake halisi liko kwenye faili za ofisi. Sisi wengine tulimwita Mama Filimbi, naye aliitika.

Alichechemea kidogo kwa sababu ya goti la kushoto, lililoharibika akiwa na miaka ishirini na mbili, wiki ile ile aliyoambiwa ataitwa timu ya taifa. Ukitaka akuchukie, muonee huruma kwa goti hilo. Hakwenda timu ya taifa, alikwenda chuo cha ualimu, na tangu hapo kila msichana mwenye mikono mirefu aliyepita mbele yake, mwalimu huyu alimtazama kama mtu anavyotazama shamba lake.

Ofisi yake ilikuwa stoo ya michezo, chumba kimoja mwisho wa jengo la madarasa, dirisha la wavu, harufu ya mpira na soksi. Mipira ya netiboli imetundikwa kwenye neti, bibu, vile vizibao vya kuonyesha nafasi ya kila mchezaji, zimefuliwa na kukunjwa, chokaa ya kuchorea mistari iko kwenye ndoo yenye kifuniko. Hukuti kitu kimekaa ovyo. Na nyuma ya mlango, pale ambapo mtu akifunga lazima aone, palibandikwa karatasi ndefu iliyopigwa mistari kwa rula: jina, kidato, dini, tarehe. Juu yake, kwa kalamu nyekundu, ZAMU YA DUA.

Karatasi hiyo ndiyo iliyomfanya atembee kifua mbele, na ndiyo iliyokuja kumvuruga. Ngoja nikueleze ilivyoanza.

Shule zote za upande ule zilikuwa na desturi moja kabla ya mechi zao za Jumatano. Wachezaji wanashikana mikono duara, mmoja anaomba kwa sauti, wote wanaitikia amina, wanaingia uwanjani. Hakuna aliyeamuru jambo hilo wala aliyelikataza, lilikuwepo tu, kama nguzo za magoli. Kwa miaka mingi Mama Filimbi aliomba mwenyewe, kwa dini yake. Mpaka siku moja mama wa mchezaji mmoja, nesi wa hospitali, alipokuja na sare yake ya kazi, akasema kwa adabu kabisa, "Mwalimu, mwanangu si wa dini yako, na kila Jumatano anaitikia amina ya kwako. Sijaja kugombana. Nakuarifu tu."

Mkuu wa shule, mtu mpole anayeogopa barua kuliko anavyoogopa nyoka, akamwita ofisini, akampa waraka wa idara ya elimu. Kuhusu mambo hayo waraka ulikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema kila mwanafunzi ana uhuru wa kuabudu kwa imani yake. Ya pili ilisema mwanafunzi yeyote asilazimishwe kushiriki ibada. Mama Filimbi aliisoma ya kwanza, moyo ukamruka, na hiyo ya pili aliipitia juu juu kama mtu anayesoma masharti nyuma ya tiketi.

Kwa nini moyo ulimruka? Kwa sababu yeye mwenyewe, alipokuwa msichana wa shule, alikuwa peke yake. Timu nzima dini moja, yeye nyingine. Usiniulize ipi na ipi, nikikwambia utaanza kuchukua upande na tutapoteza muda. Miaka minne alishikana mikono na wenzake, midomo imefungwa, akijisomea ya kwake kimoyomoyo, mbio mbio, amalize kabla wao hawajafika amina. Hakuna aliyemtukana wala aliyemfukuza, ila hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza, "Na wewe, leo utaomba?" Hilo lilimkaa rohoni miaka thelathini. Alichokikosa yeye kilikuwa zamu. Haikumpitia akilini kwamba anaweza kutokea mtu ambaye anachokosa ni kuachwa asiombe.

Basi jioni ile akakaa mezani na rula. Mume wake, mfamasia aliyestaafu, mtu wa maneno machache na yote ya kuchokoza, akachungulia juu ya bega lake.

"Kila mtu na Jumatano yake," Mama Filimbi akamweleza. "Wa Ijumaa aombe kiijumaa, wa Jumapili aombe kijumapili. Wote sawa."

"Wewe mke wangu ungeachiwa dunia, hata kupumua tungepumua kwa zamu."

"Na ingetosha kwa wote," akasema, akaendelea kupiga mistari.

Na ikafanya kazi, tusimnyime haki yake. Wasichana waliipenda. Yule mtoto wa nesi aliomba Jumatano yake sauti ikimtetemeka, akamaliza akilia, na Mama Filimbi akajifanya anakagua kamba za viatu ili wasimwone macho. Vituko pia havikukosekana. Kapteni wa timu, binti ambaye mdomo wake haujui likizo, aliomba mpaka mwamuzi akaanza kutazama saa, akawaombea walimu, wagonjwa, wasafiri, na alipofika kwa majirani zao upande wa mashariki mwamuzi akapuliza. Mwingine alimuomba Mungu mfungaji wa timu pinzani aumwe tumbo, lakini lisimuume sana. Siku hiyo Mama Filimbi aliweka kanuni mpya, asiombewe mtu tumbo. Afisa elimu alikuja kuona, akapiga picha ile karatasi, akasema shule nyingine zije zijifunze. Ukimsifia Mama Filimbi kwa jambo analolipenda, umemaliza kazi. Alirudi nyumbani siku hiyo hata goti halimuumi.

Mwaka uliofuata akaingia Ngazi.

Ndivyo walivyomwita, kwa urefu. Alikuwa kidato cha pili, mkimya, shingo ndefu, mikono isiyo na haraka. Alisimama chini ya pete, akaupokea mpira, akaangalia juu mara moja, akaurusha, na mpira ukapita bila kugusa chuma. Mama Filimbi alimrushia ishirini. Ikaingia kumi na tisa. Akaingia stoo akafunga mlango, akakaa juu ya magodoro ya sarakasi dakika nzima, akasema peke yake, "Huyu nimepewa."

Baba yake alikuwa mchomeleaji, mwenye karakana ndogo ya milango na madirisha ya chuma nyuma ya stendi. Ndiye aliyekuja kuzichomelea upya nguzo na pete za netiboli za shule zilipolegea. Familia ile ilikuwa ya kundi dogo la waumini, kaya kumi na tano hazifiki, watu wasio na jengo wala spika wala bango. Mama Filimbi alipokuwa akijaza orodha alimuuliza Ngazi dini, Ngazi akataja jina ambalo mwalimu hakuwahi kulisikia. Akaliandika kama alivyolisikia, akafurahi, orodha yake imepata rangi mpya.

Zamu ya kwanza ilipofika, Ngazi hakuja shule, aliumwa kichwa. Ya pili akabadilishana na mwenzake. Ya tatu ilipokaribia, Mama Filimbi akaanza kuhesabu, na kabla hajamaliza kuhesabu, fundi mwenyewe akabisha hodi stoo. Amevaa ovaroli yenye matundu ya cheche, kofia mkononi.

"Habari za kazi, Mwalimu."

"Nzuri, Fundi. Karibu ukae. Kama ni zile nguzo, zimesimama imara, hongera."

"Si nguzo. Ni binti yangu. Jumatano ijayo imeandikwa aombe."

"Ni zamu yake. Aombe kwa njia yenu, mimi siingilii. Hata akiomba kwa lugha nisiyoijua, nitaitikia amina."

"Tumeliona hilo, na tunashukuru," fundi akasema, akiigeuzageuza kofia. "Lakini njia yetu ndiyo hiyo, ya kutoomba hapo."

"Hapo wapi?"

"Mbele ya watu wanaotazama. Kwetu mtu anaomba na watu wa nyumbani kwake, mlango umerudishwa. Akiomba mbele ya watazamaji, tunaona anaongea na watazamaji."

Mama Filimbi alihisi uso unamuwaka. "Kwa hiyo sisi wengine hapa tunaongea na watazamaji?"

"Sijasema hivyo, Mwalimu. Nasema sisi."

"Aseme basi sentensi mbili. Ahsante kwa siku ya leo, utulinde tusiumie, amina. Imekwisha. Atakufa?"

"Hafi mtu," fundi akajibu taratibu. "Naomba asimame pembeni tu mpaka wenzake wamalize. Hatamzuia mtu yeyote."

Mama Filimbi akasema atalifikiria, na mwalimu akikwambia atalifikiria jua umeshanyimwa. Fundi akaaga vizuri, akaondoka. Mwalimu akabaki na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya mtu aliyeandaa meza, akaweka kiti kwa kila mgeni, kisha mgeni mmoja akasema sina njaa. Yeye aliteseka miaka minne kwa kukosa nafasi hii. Sasa ameitengeneza, ameipigia mistari kwa rula, halafu mtoto wa mchomeleaji anamwambia hataki. Alichukia. Mimi sitampamba.

Jumatano ile Ngazi alisimama pembeni, hatua tano kutoka kwenye duara, macho chini. Kapteni akaomba badala yake. Wakafungwa magoli thelathini kwa ishirini na nane. Basi, hapo ndipo midomo ilipofunguka.

"Mwalimu, duara lilikuwa na pengo," akasema mchezaji mmoja wa ulinzi wakikusanya bibu.

"Mbona yeye haombi na anacheza?" Kapteni naye akadakia. "Mimi mwenyewe kuna Jumatano sijisikii. Na mimi nisimame pembeni?"

Ngazi alikuwa anafungua kamba za viatu. Alizifungua, akazifunga, akazifungua tena.

Mama Filimbi aliona timu yake inaanza kukatika vipande, na Jumatano ya wiki mbili mbele ndiyo ilikuwa siku ya wateuzi wa timu ya kanda. Kwa msichana kama Ngazi, timu ya kanda ilimaanisha shule ya michezo, walimu wa kweli, safari, maisha mengine kabisa. Mwalimu alijua hivyo kuliko mtu yeyote, aliliona kwenye goti lake kila alipopanda ngazi za ofisi. Akaangalia orodha. Alishawasogeza watu kwa sababu ya zamu zilizorukwa, na jina lililoangukia siku hiyo lilikuwa la Ngazi. Angeweza kulisogeza. Kalamu ilikuwa mfukoni.

Mkuu wa shule alikuwa amesikia habari za zamu hiyo. Akamkuta kwenye baraza la walimu, akashusha sauti. "Mwalimu, ule waraka una sentensi ya pili."

"Nimeisoma."

"Inasemaje?"

"Asilazimishwe. Sasa nani kamlazimisha? Ni zamu. Hata kufagia ni zamu."

Mkuu akaguna, akasema haya, akaenda zake. Angeweza kusema zaidi, yeye ndiye mkuu. Hakusema, na mimi namhesabia kosa.

Mazoezi ya Ijumaa, Mama Filimbi akamwita Ngazi kando, chini ya pete.

"Unajua Jumatano wanakuja kina nani?"

"Najua, Mwalimu."

"Unataka kwenda?"

Ngazi akasema, "Nataka sana, Mwalimu." Na alivyolisema, mtu mwenye masikio angesikia kwamba anaomba aachwe. Mama Filimbi alisikia nataka sana tu.

"Basi nisikilize. Mimi sikulazimishi. Lakini timu hii tunafanya mambo pamoja. Jumatano ni zamu yako. Ukiona unaweza, utavaa bibu yako ya mfungaji. Ukiona huwezi, si kosa, utakaa benchi na wa akiba, tutaonana mechi nyingine."

"Wateuzi watakuja mechi nyingine?"

"Hawaji."

Msichana akaangalia juu kwenye ile pete aliyoichomelea baba yake. "Haya, Mwalimu," akasema.

Na Mama Filimbi alikwenda nyumbani amejiridhisha kwamba amempa mtoto uamuzi wake mwenyewe. Mume wake akamuuliza mbona hali chakula. Akasema hana njaa. Mfamasia akamtazama muda mrefu, na safari hii hakumchokoza.

Jumatano, mistari ya uwanja ilikuwa myeupe mpaka inaumiza macho. Wateuzi watatu walikaa kwenye meza kivulini, mikono wameikunja, karatasi mbele yao. Wazazi walijaa pembeni. Fundi hakuwepo. Wasichana wakashikana mikono, na Ngazi akaingia katikati ya duara amevaa bibu ya mfungaji.

Aliomba vizuri. Kila mtu alisema hivyo baadaye, hata mteuzi mmoja alisema binti yule ana sauti. Hakukwama wala hakutetemeka, maneno yalitoka yamepangwa kama bibu za stoo. Mama Filimbi alikuwa anaangalia meza ya wateuzi, anaona wanavyoinua vichwa, anaona kalamu ya yule wa katikati inavyosogea kwenye karatasi, na moyo wake unaruka kwa furaha. Timu ikaitikia amina moja, nzito. Kapteni akampiga Ngazi mgongoni. Duara halikuwa na pengo.

Wakashinda. Ngazi alirusha thelathini na nne, akakosa mbili. Mwamuzi alipopuliza ya mwisho, Mama Filimbi alilia bila kuficha, mbele ya wazazi na wateuzi, akamkumbatia yule mtoto mpaka filimbi ikawabana vifuani. Ngazi alisimama akiachia akumbatiwe. Mikono yake ilikuwa baridi, mwalimu akadhani ni uchovu.

Barua ya kanda ilifika baada ya wiki tatu. Siku hiyo Mama Filimbi hakumngoja mtu. Shule ilipotoka aliikunja barua akaitia kwenye mkoba, akapita nyuma ya stendi, kwenye vibanda vya matairi na vya betri, akichechemea na kutabasamu na watu wasiomjua. Karakana ya fundi ilikuwa imeshafungwa, jua linaelekea kuzama. Nyumba yao iko nyuma yake, vyumba viwili na kibaraza. Na pale kibarazani, juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, alikaa Ngazi, na mlango nyuma yake umerudishwa. Ndani zilisikika sauti za chini za watu wachache wanaosema kitu kimoja.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema, akampisha kwenye ndoo, akakaa sakafuni.

"Marahaba. Mbona uko nje?" Akahisi hasira inampanda. "Wamekutoa? Kwa sababu ya ile siku?"

"Hawajanitoa. Baba ananiita kila jioni. Nafasi yangu ipo, kati ya mama na mdogo wangu. Hawaikalii."

"Sasa?"

Ngazi alikuwa anachuna ganda la rangi kwenye vidole vyake. "Mwalimu, ile Jumatano niliomba vizuri?"

"Uliomba vizuri mno. Mpaka wateuzi walisema."

"Nilisema nini?"

Mama Filimbi akafungua mdomo. Akatafuta neno moja la dua ile, moja tu, akakuta kichwani kuna ile meza, ile kalamu inayosogea, ile mikono iliyokunjwa. Hakuwa amesikiliza. Yeye ndiye aliyemtaka mtoto aombe, na hakuwa amesikiliza hata neno.

"Hata mimi sikumbuki yote," Ngazi akasema, wala hakuwa anamlaumu. "Niliyakariri wiki nzima. Nilichukua ya Kapteni kidogo, ya yule wa kidato cha nne kidogo, nikayapanga. Nilijua ni ya uongo, nikasema ni siku moja tu. Sasa nikiingia humo ndani nikifumba macho, nawaona wale watu pale mezani. Naanza kusikia sauti yangu. Naanza kuangalia kama nasema vizuri. Zamani nilikuwa siisikii, Mwalimu. Nilikuwa naomba tu."

"Itapita," Mama Filimbi akasema.

"Ndivyo anavyosema mama."

"Kesho nabandua ile karatasi. Hakuna atakayesimamishwa tena katikati. Anayetaka kuomba ataomba, asiyetaka hatamweleza mtu."

"Haya, Mwalimu."

Haya ile ile ya chini ya pete. Mama Filimbi aliitambua, na safari hii ilimchoma mpaka akashika goti lake kana kwamba ndilo linalouma. Akaitoa barua, akampa. Ngazi aliisoma yote, akatabasamu, tabasamu la kweli, maana alikuwa mtoto na alitaka kwenda. Kisha akaikunja kama ilivyokuwa, akaiweka mapajani, na uso ukarudi ulipokuwa.

Sauti za ndani zikakoma. Mlango ukafunguliwa na fundi akatoka, ameoga, shati safi. Akamuona mgeni, akafurahi kwa dhati, akaita ndani waongeze kiti. Akasoma barua amesimama, midomo ikitembea. Akamshika mwalimu mkono kwa mikono yake miwili.

"Ahsante sana, Mwalimu. Umemfikisha mbali mwanangu."

"Fundi, nisamehe," Mama Filimbi akasema. Hakuna mtu katika shule ile aliyewahi kumsikia akilisema neno hilo, na lilitoka na sauti ngeni. "Ulikuja kuniomba kitu kidogo, nikakunyima."

Fundi hakulikataa. Aliiangalia tena barua. "Mimi sijapotewa na kitu, Mwalimu," akasema. "Mimi bado naomba. Mwenye kuombwa radhi ni huyo."

Mama Filimbi akageuka. Akamwita msichana kwa jina lake halisi, lile la kwenye faili, ambalo hakuwahi kulitumia hata siku moja. Na Ngazi akainuka pale chini haraka, akasimama wima, mikono nyuma, kama anavyosimama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu wake, akangoja kuambiwa aseme nini.